Mwalimu Kwanza, Mabati Baadaye: Ushauri kwa Wanaotaka Kusaidia Skuli za Visiwa vya Wabajuni

Swali ni lile lile, na huja kwa wingi kila Ramadhani inapokaribia. Linatoka Glasgow, London, Mombasa na Toronto, mara nyingi kwa vijana ambao hawajakitia mguu kisiwa chochote ila wamekuwa wakisikia majina kwa bibi zao: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula. "Tumekaa watu kadhaa, tunataka kuisaidia skuli ya kwetu. Tuanzie wapi?"

Nimeyaandika makala haya ili jibu likae pahali pamoja. Yanawahusu wenye asili ya visiwani na pwani ya Kismayu, kusini mwa Somalia, lakini jirani, mke, mume au rafiki asiye Mbajuni akitaka kuingia, aingie. Kazi ipo ya kutosha.

Jambo moja lifahamike tangu mwanzo. Vita vilipozuka 1991, Wabajuni wengi walipakia watoto kwenye mashua wakakimbilia Kenya, na wengi wao wakakaa kambi ya Jomvu, Mombasa, kabla ya kutawanyika tena: wengine wakarudi visiwani, wengine wakabaki, wengine wakavuka hadi Ulaya. Kismayu yenyewe ilishikwa na al-Shabaab kutoka Agosti 2008 mpaka mwishoni mwa Septemba 2012. Skuli iliyopita katika misukosuko hiyo haifai kupewa furaha ya msimu mmoja kisha ikaachwa. Inataka watu wachache watakaotoa kidogo na wasikatize. Yote yanayofuata yanasimama juu ya hilo.

Uliza kabla hujaahidi

Kosa kubwa hufanyika siku ya kwanza. Watu wanakutana, mmoja anasema paa la skuli limeoza, mioyo inawaka, na kabla kahawa haijapoa kundi la WhatsApp limeshafunguliwa na pesa zinaingia. Mwalimu hajaulizwa. Baadaye inajulikana kuwa paa wazazi walishaliziba wenyewe, ila mwalimu wa darasa la tatu amekwenda kuvua kamba kwa sababu hajapata mshahara.

Kwa hivyo, kabla ya senti ya kwanza, pata majibu ya haya:

- Nani anawalipa walimu sasa, kiasi gani, na mara ya mwisho walilipwa lini?
- Watoto wangapi wameandikishwa, na wangapi huonekana darasani Jumamosi asubuhi wiki inapoanza?
- Wasichana ni wangapi darasa la kwanza, na wangapi darasa la juu kabisa?
- Wanasomeshwa kwa lugha gani, na vitabu vimetoka wapi?
- Skuli inatambuliwa na wizara ipi, na mtoto akimaliza anapata cheti cha nani?
- Maji ya kunywa yanatoka wapi? Vyoo vipo, na vya wasichana vimetengwa?
- Ardhi ni ya nani, na karatasi yake inakaa kwa nani?
- Nani mwengine anasaidia, awe shirika, tajiri wa Kismayu au jamaa walioko Norway?

Usimuulize mtu mmoja. Uliza watatu, kila mmoja peke yake: mwalimu, mzee wa mtaa, na mama mwenye mtoto darasani. Mama huyo atakuambia mambo ambayo mwalimu mkuu ataona haya kuyasema. Majibu yakigongana, usikasirike wala usimtuhumu mtu. Rudi uulize tena kwa upole mpaka uelewe kwa nini yanagongana.

Swali la wizara wengi hulipuuza. Mwishoni mwa 2024 serikali ya Jubaland, jimbo ambamo Kismayu imo, ilivunja uhusiano na serikali kuu ya Mogadishu, na Desemba mwaka huo majeshi ya pande hizo mbili yakapigana Ras Kamboni, jirani kabisa na visiwa vyetu vya kusini. Ugomvi wa wakubwa humfikia mtoto kwa njia ya mtihani na cheti. Huna uwezo wa kuutatua. Una wajibu wa kujua cheti atakachopata mtoto kitakubaliwa wapi, kabla hujamwambia mzazi kwamba skuli hii itamfikisha mbali.

Kwa nini mwalimu kwanza

Najua pingamizi lililoko mdomoni mwako. "Watu wanapenda kuchangia jengo. Jengo linaonekana, linapigwa picha, linaandikwa jina la marehemu. Mshahara nani atauchangia?"

Ni kweli jengo huchangiwa haraka. Lakini tazama kinachotokea baada ya ufunguzi. Darasa la mawe lenye bati jipya na lisilo na mwalimu hugeuka ghala la nyavu. Mwalimu aliye na mshahara hufundisha chini ya makuti, na watoto wanasoma. Visiwani mwalimu hana kazi nyingine ya kumshikiza ila bahari, na bahari humwita kila siku anapochelewa kulipwa.

Hesabu yake haitishi. Watu ishirini wakitoa pauni 10 kila mwezi, hizo ni pauni 200 kwa mwezi na pauni 2,400 kwa mwaka. Kama mmesajiliwa Uingereza na wote ishirini ni walipa kodi waliojaza fomu ya Gift Aid, serikali inaongeza senti 25 kwa kila pauni, yaani pauni 600 nyingine. Uliza mshahara wa mwalimu Kismayu ni kiasi gani, kisha gawanya mwenyewe uone mnaweza kubeba walimu wangapi.

Mambo matatu ya kushika:

1. Usianze kulipa mpaka mna akiba ya miezi mitatu. Akiba hiyo haiguswi kwa jambo lolote jingine.
2. Usimlipe mwalimu wako zaidi kuliko wenzake. Ukimpa mmoja mara mbili ya wengine, umeleta fitina skuli nzima, na walimu wa skuli ya jirani watahama.
3. Kubalianeni kwa maandishi kwamba pesa ni ya mwaka mmoja wa masomo, na mwaka ukiisha mtakaa tena. Usiseme "daima". Hakuna mwenye uwezo wa kuahidi daima.

Baada ya mshahara, naweka maji na choo. Visiwa vyetu vina shida ya maji matamu. Watu hutegemea visima na maji ya mvua. Jabia linalokusanya mvua kutoka paa la skuli, pamoja na choo chenye mlango unaofungika, huwabakiza wasichana darasani wanapobaleghe. Binafsi ningejenga hivyo viwili kabla ya darasa la pili.

Lugha ya mtoto

Mtoto wa Chula au Koyama huzungumza Kibajuni nyumbani. Akifika skuli hukuta vitabu vya Kisomali, ambacho ndicho kilichowekwa kuwa lugha ya serikali na kuandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1972. Chuoni anasoma Kiarabu cha Qurani. Mbele huko Kiingereza kinamngoja. Mtoto wa miaka saba anabeba mzigo huo wote, na akinyamaza darasani watu husema hana akili.

Mnaweza kufanya nini? Mlipieni msaidizi anayezungumza Kibajuni katika madarasa mawili ya kwanza, amfafanulie mtoto kile mwalimu anachosema. Mabibi walioko kwenu wanaweza kurekodiwa hadithi na vitendawili kwa simu, na walimu wakazitumia wakati wa hadithi. Ni kazi ambayo vijana waliozaliwa ng'ambo huifanya vizuri sana, na wao wenyewe hupata lugha.

Lakini msilazimishe. Wapo wazazi wanaotaka mwanao ajue Kisomali sawasawa kwa sababu ndicho kitakachompatia kazi Kismayu, na maneno yao ni ya haki. Vilevile msiingilie saa za chuo. Uliza watoto wanakwenda Qurani saa ngapi, mpange masomo ya ziada wakati mwingine.

Kikundi au shirika?

Si lazima kusajili shirika jipya. Mara nyingi ni vizuri zaidi kuingia chini ya shirika lililokwisha kusajiliwa ambalo tayari linatuma misaada Somalia, likawafungulia mfuko wenu wenye jina. Mnakwepa makaratasi, mnapata Gift Aid, na mna mtu wa kumuuliza. Mkiona lazima msimame wenyewe, jueni haya:

- England na Wales, shirika la hisani ambalo mapato yake ya mwaka yanazidi pauni 5,000 kwa kawaida hutakiwa kujisajili kwa Charity Commission.
- Scotland haina kiwango cha chini. Hamruhusiwi kujiita shirika la hisani mpaka OSCR, msimamizi wa mashirika ya hisani wa huko, iwe imewaingiza katika daftari lake, hata mkiwa na pauni 50 tu.
- Kenya, kikundi kidogo cha mtaa hujisajili katika ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya vikundi ya 2022. Mashirika makubwa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024.

Wadhamini wasipungue watatu, na wasiwe wa nyumba moja. Mweka hazina asiwe mwenyekiti, wala mkewe, wala ndugu yake. Pesa isitoke benki bila idhini ya watu wawili. Mtu akisema "sisi ni jamaa, tunaaminiana, mambo haya ya nini?", mjibu kwa heshima kwamba utaratibu huu unamlinda yeye zaidi. Siku uvumi ukizuka, na utazuka, atakuwa na karatasi mkononi.

Jambo jingine ni visiwa vyenyewe. Mtu wa Chovai atavutia Chovai na mtu wa Koyama atavutia Koyama. Hilo halina aibu. Lisemwe wazi mkutano wa kwanza, muamue: skuli moja kwa sasa, na ni hii, kwa sababu hizi. Vikundi vinavyojaribu kumridhisha kila mtu hugawa pesa vipande vidogo ambavyo havimlipi mwalimu hata mmoja.

Kujitolea bila pesa

"Mimi sina kazi, nitasaidia nini?" Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nataka lijibiwe kwa sauti kubwa. Kikundi kidogo hufa kwa kukosa watu wa kazi hizi:

- kuandika kumbukumbu za mkutano na kuzituma siku hiyo hiyo;
- kuweka risiti kwa tarehe na kuzipiga picha;
- kuzungumza na mwalimu kila wiki kwa simu, kwa lugha yake;
- kupiga simu kwa waliosahau mchango, bila kuwafedhehesha;
- kufasiri barua ya skuli kutoka Kisomali kwenda Kiswahili na Kiingereza;
- kupika, kubeba meza, kuendesha gari.

Kwa anayesubiri uamuzi wa hifadhi Uingereza, sheria inamruhusu kujitolea katika shirika la hisani. Kisichoruhusiwa ni kazi ambayo kwa haki ingelipwa mshahara ikafanywa bure. Usipokee posho yoyote isipokuwa nauli na chakula ulichokitumia kweli, na umwambie wakili wako kabla ya kuanza. Nimeona watu wakipata nguvu ya kuamka asubuhi kwa sababu kuna mwalimu ng'ambo anayengoja simu yao.

"Nataka kwenda mwenyewe nikafundishe"

Usiende. Najua nia ni safi. Lakini serikali ya Uingereza inaonya raia wake wasisafiri sehemu kubwa ya Somalia, Kismayu ikiwemo, na ukipuuza onyo hilo bima yako ya safari huenda isilipe kitu. Zaidi ya hayo, mgeni kutoka Ulaya ni mzigo kwa wenyeji. Atataka ulinzi, atavuta macho, na akiondoka anaacha maswali juu ya nani alimkaribisha. Jamii yetu huko ni ndogo na haina wanamgambo wake. Hatari ya safari yako haikuangukii wewe peke yako.

Nauli ya ndege na malazi ya wiki mbili ingemlipa mwalimu miezi mingapi? Fanya hesabu hiyo, kisha tuma pesa hiyo. Kama wewe ni mwalimu kwa taaluma, jitolee kuwasaidia walimu wa kule: wapangie masomo, sikiliza shida zao, watumie ujumbe wa sauti wa dakika tano wanaoweza kuusikiliza mtandao unaporudi.

Njia za kuchangisha

Njia bora ndiyo isiyo na sherehe: kila mmoja aende benki apange kiasi kile kile kikatwe kila mwezi. Pauni 5 inayokuja bila kukumbushwa ina thamani kuliko pauni 100 ya usiku mmoja, kwa sababu unaweza kuipangia mshahara. Tafuteni watu hao kwanza, mmoja mmoja, ana kwa ana. Kwa Kenya, namba moja ya M-PESA ya kikundi, si ya mtu binafsi, na siku moja maalumu ya mwezi.

Kisha ndiyo yafuate mengine.

*Ramadhani.* Watu hutoa, lakini kuna jambo la dini la kuangaliwa. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, na wanavyuoni wengi hawakubali itumike kujengea ukuta. Sadaka ina uwanja mpana zaidi. Kwa hivyo tengenezeni vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha zaka na kimoja cha sadaka, na mumuulize shekhe wenu zaka itumike kwa nini. Chakula na mahitaji ya mtoto maskini hayana utata mwingi. Msikubali mtu aseme "changanyeni tu". Aliyetoa zaka amewakabidhi ibada yake.

*Chakula.* Mahamri na mbaazi, biriani, viazi vya karai, kaimati. Hapa akina mama ndio mabingwa, na hapa pia ndipo wanapochoshwa. Gawaneni kazi kabla, na mlipe viungo kutoka kwenye mauzo labda mtu aseme mwenyewe ametoa. Mauzo yakiwa pauni 700 na viungo pauni 300, mmepata pauni 400, msitangaze 700. Kumbukeni pia kwamba Gift Aid haiombwi kwa sahani ya biriani, maana mnunuzi amepata kitu. Huombwa kwa mchango mtupu.

*Mnada.* Kofia za viua, vikoi, mikeka. Pata mnadi mwenye ulimi na mpe bei ya chini ya kila kitu, imeandikwa.

*Matembezi na mechi.* Vijana huvipenda. Wafadhili waahidi kwa maandishi kabla ya siku, la sivyo nusu ya ahadi haitalipwa.

*Kopo la barabarani au sokoni.* Uingereza linahitaji ruhusa, mara nyingi kutoka baraza la mji. Bila ruhusa ni kosa la sheria. Msikitini, mwombeni imamu na kamati kwanza, na kopo lihesabiwe mbele ya watu wawili kabla halijatoka mlangoni.

Makosa ninayoyaona kila mwaka:

- kukodi ukumbi wa gharama kuliko kinachopatikana;
- kuahidi wachangiaji jambo ambalo skuli haikuliomba;
- kusoma majina na viwango hadharani mpaka aliyetoa kidogo akaona haya na asirudi;
- kumwambia kila mfadhili kwamba pesa yake ndiyo iliyonunua kitabu kile kile.

Kutuma pesa

Tumieni kampuni iliyosajiliwa kisheria. Dahabshiil na wenzake hufika Kismayu, na ndani ya mji watu hulipana kwa simu kwa EVC Plus ya Hormuud, kwa dola. Mwalimu kuipata dola yake moja kwa moja kwenye simu ni salama kuliko mtu mmoja kupokea bunda na kuligawa.

Msitegemee njia moja. Novemba 2001 Marekani iliifunga Al-Barakaat na pesa za watu zikakwama. Mwaka 2013 benki ya Barclays ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma pesa. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha kampuni 13 za hawala. Kila mara mlango ulifungwa ghafla. Jueni njia ya pili kabla hamjaihitaji, na ile akiba ya miezi mitatu ndiyo itakayowavusha.

Utaratibu ninaoupendekeza:

1. Kamati ya skuli inatuma orodha ya walimu na mahudhurio yao ya mwezi, imetiwa saini na wawili, mmoja wao mzazi.
2. Wadhamini wawili wanaidhinisha, na idhini inaandikwa.
3. Jina la kila anayepokea linaangaliwa katika orodha ya vikwazo ya serikali ya nchi mliyoko.
4. Pesa inatumwa, risiti inahifadhiwa ikiwa na sababu ya malipo: "mshahara, mwezi fulani". Si "msaada" tu.
5. Kila mwalimu anathibitisha kwa sauti yake au kwa saini kwamba amepata, na kiasi gani.
6. Karatasi zote zinawekwa miaka sita.

Sasa jambo zito. Al-Shabaab imepigwa marufuku Uingereza tangu 2010, na sheria ya ugaidi ya 2000 haimwachi anayetoa pesa huku ana sababu ya kushuku kwamba itafika kwao. Mkisikia kwamba kuna "kodi" inayodaiwa njiani na watu wa aina hiyo, msiseme ni kidogo wala msijifanye hamkusikia. Simamisheni malipo siku hiyo, andikeni mlichoambiwa, mtafute wakili au ushauri wa msimamizi wa mashirika. Benki ikiwauliza maswali marefu juu ya Somalia, jibuni kwa utulivu na karatasi. Kikundi chenye kumbukumbu nzuri hupita.

Kutuma vitu

Ushauri wangu ni mfupi: msitume, ila skuli iwe imeomba. Kontena la vitabu vya zamani vya Kiingereza na kompyuta zisizo na umeme wa kuziwasha hula pesa ya usafiri na ushuru, kisha huoza kwa chumvi. Madaftari, kalamu, chaki na madawati hupatikana Kismayu, na kununua hapo kunamlisha fundi na mwenye duka wa hapo.

Vya ujenzi vinataka kalenda ya bahari. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, mashua yenye saruji haina biashara kati ya Kismayu na visiwa. Nunueni na msafirishe wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na saruji ipate pa kuwekwa pakavu kabla haijashuka. Waulizeni manahodha, si mwenye duka. Mpango wa ujenzi unaopangwa kwa kufuata likizo za Ulaya, Julai na Agosti, umekosea tangu mwanzo.

Picha za watoto

Mfadhili anataka picha, na mna haki ya kumwonyesha kazi. Lakini uso wa mtoto, jina lake na jina la kisiwa chake visikae pamoja mahali pa watu wote. Pigeni picha ya mikono juu ya daftari, ubao ulioandikwa, jabia limejaa, watoto kwa mgongo. Mzazi aombwe idhini kwa lugha anayoielewa, na akikataa, mtoto wake asipungukiwe na kitu.

Msitangaze pia kiasi mnachotuma na siku mnayotuma. "Tumetuma dola elfu mbili leo kwa mwalimu fulani" ni kumweka mwalimu huyo hatarini katika mji wenye bunduki nyingi. Hesabu kamili wapeni wachangiaji, baada ya pesa kugawanywa, bila majina.

Na maneno nayo. Msiwaombee watoto kwa kuwadhalilisha. Ni watoto wa mabaharia na wavuvi, wana wazazi wanaowapenda na skuli waliyoishika kwa tabu. Andikeni hivyo.

Taarifa

Kila miezi mitatu, taarifa moja. Kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, walimu wangapi wamelipwa, watoto wangapi walihudhuria, na jambo gani limekwama. La kukwama msilifiche. Mchangiaji akilisikia kwenu kwanza atabaki nanyi, akilisikia mtaani ataondoka. Wazee wengi hawasomi maandishi marefu kwenye simu, kwa hivyo rekodini taarifa hiyo hiyo kwa sauti, kwa Kiswahili au Kibajuni, isizidi dakika nne.

Skuli nayo ipewe nafasi ya kuwakosoa. Mara moja kwa mwaka iulizeni kamati ya wazazi: tumewasumbua wapi? Pengine fomu zenu ni nyingi mno. Pengine simu zenu huja saa ya swala ya magharibi.

Mengine mnayouliza

*Serikali si ndiyo inayopaswa kuwalipa walimu?* Ndiyo. Mkubaliane na kamati iendelee kudai wizarani, na mwalimu akiingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali, nyinyi mhamie kwa mwalimu mwingine au kwenye maji.

*Mwalimu mkuu ni binamu yangu, kuna ubaya?* Hakuna, mradi wadhamini wote wanajua na wewe hupigi kura malipo yake yanapojadiliwa.

*Tumegundua pesa imetumika vibaya.* Simamisheni malipo ya jambo hilo tu, si mishahara ya wasiohusika. Sikilizeni upande wa pili kabla ya kuandika neno kwenye kundi la WhatsApp. Mkiwa mmesajiliwa, toeni taarifa kwa msimamizi, ni wajibu.

*Tukishindwa kuendelea?* Semeni mapema, angalau muhula mmoja kabla, na akiba ya miezi mitatu ilipwe yote kwa walimu. Mwaka wa masomo mlioahidi muumalize. Mkabidhi orodha, risiti na namba za simu kwa kikundi kingine kitakachokubali kuichukua skuli hiyo, mkianza kukitafuta siku mtakapoona michango inapungua, msingoje ikauke.